Mkono wa Bibi Ukutani

Harufu ya mafuta ya kitani, yale ya rangi za wachoraji, ikichanganyika na moshi wa udi hunirudisha moja kwa moja kwenye sebule yetu ya Al Khoudh, Muscat, likizo ile ya kiangazi nilipokuwa nasubiri kuingia darasa la saba. Nje jua lilichoma hata vitasa vya magari havishikiki, na sisi tulishinda ndani na kiyoyozi kilichokoroma kama mtu mwenye mafua. Mama aliifukiza nyumba kila alasiri, na udi ukatulia juu ya mazulia. Harufu ya mafuta ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeileta mimi ndani ya nyumba ile, na kila mgeni aliyeingia aliuliza kama kuna kitu kimemwagika jikoni.

Ilianza kwa jirani yetu, mwanamke wa Kigiriki aliyekuwa anafundisha chuo kikuu. Mkataba wake ulipokwisha alivigawa vitu vyake mtaa mzima. Wengine walipata mazulia, wengine jokofu. Mimi, kwa kuwa aliwahi kuniona nachora kwa chaki kwenye ukuta wa ua wake, nilipata kisanduku cha rangi za mafuta zilizokamuliwa nusu na kitabu kizito cha picha za mchoraji wa kwao. Kitabu chote kilikuwa kwa Kigiriki. Niliona haya kumuuliza jina la mchoraji, na nilipopata ujasiri nyumba yake ilikuwa tupu. Nikamwita Mgiriki tu, na hata leo, ingawa jina lake nalijua, moyoni mwangu bado ni Mgiriki.

Katika kurasa za mwisho Mgiriki alichora watu kama mapande ya buluu na nyekundu, na hao sikuwajali. Niliyemjali alikuwa mwanamke wa ukurasa wa mwanzo, ambaye Mgiriki alimchora yeye mwenyewe akiwa bado kijana. Nilijua hivyo kwa sababu picha ya mchoraji mwenyewe, hana hata ndevu, ilikuwa pembeni yake. Mwanamke huyo, mtu mzima, alikuwa amekaa kwenye kiti, kitambaa cheusi kichwani, na uso wake ulichorwa kwa uangalifu wa kutisha: kope, mikunjo ya mdomo, kidoa kidogo shavuni. Lakini mkono wake wa kulia, uliokaa mapajani, haukuwa mkono. Ulikuwa mburuzo wa rangi ya kahawia, kama mtu kapitisha kitambaa. Nilidhani ni kosa la wapiga chapa. Nikaukwaruza kwa ukucha. Nikaupeleka ukurasa dirishani. Mtu anayeweza kuchora kope vile anauachaje mkono hivi? Swali hilo lilininyima raha, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi: nilikuwa mtoto ambaye akikosea herufi moja anaichana karatasi nzima na kuanza upya, kisha anaichana tena.

Baba alikuwa ameshachoka na tabia hiyo. Kofia niliyoanza kumshonea ilibaki na matundu ya nakshi upande mmoja tu. Michoro yangu yote iliishia kwenye pipa la taka. Nilipotangaza kwamba nitamchora Bibi, mama yake, kama Mgiriki alivyomchora yule mwanamke, aliweka chini kikombe chake cha kahawa. "Rauhiya, nakuomba kitu kimoja tu, mwanangu. Malizia. Shule ikifunguliwa uniambie, Baba, imekwisha. Kama haijakwisha, rangi hizi nazitoa nje, na harufu hii itoke nazo." Hakupandisha sauti, ndiyo maana nikaogopa.

Bibi alikubali kwa sharti lake. "Nichore, lakini usinitundike," alisema. Sebuleni kwetu ndipo wanawake waliposwali wakija wageni, na picha, niliyoichora juu ya ubao, nilikuwa nimeisimamisha upande wa kibla kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa huko. Basi kila ikiadhiniwa niliubeba ubao na kuupeleka chumbani, nikiushika kwa ncha za vidole, na baada ya swala nikaurudisha. Rangi ya mafuta haikauki upesi, nami niliiongeza kila siku, kwa hiyo ubao wangu ulikuwa mbichi likizo nzima.

Bibi hakujua kukaa. Yeye aliyezaliwa Unguja na kuhamia Muscat na watoto wadogo mikononi, maisha yake yote alikuwa akifanya kitu. Alichambua mchele, alivuta tasbihi, alimpigia simu dada yake na kumsimulia kwamba anachorwa "kama malkia, lakini nnaumwa na kiuno." Baada ya kila muda kidogo aliinuka kuja kutazama. "Hii pua si yangu hii. Hii ya babu yako! Nimekaa naye miaka yote, leo kafa, unamrudisha usoni kwangu?" Shangazi Zuwena, dada yake Baba, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa buibui. Mimi sikucheka. Niliikwangua pua kwa kisu cha siagi, nikaanza tena.

Pua hatimaye ikakubali. Macho yakakubali. Mkono wa kulia ukakataa. Nilikuwa nimeapa kwamba pale Mgiriki aliposhindwa mimi nitashinda, nichore kila kucha, kila mshipa, na pete ya fedha. Lakini mkono wa Bibi haukutulia hata pumzi moja, na kila nilichokipata jana kilikuwa uongo leo. Nikachora, nikakwangua, nikachora. Usiku nilikuwa naamka na kuwaza kidole gumba. Likizo ikawa inakwisha, na Baba akipita sebuleni alitazama ubao na kusema, "Bado?" nami nikajibu, "Bado kidogo."

Shule ilikuwa karibu kabisa kufunguliwa siku walipokuja marafiki wa Bibi kutoka mtaa wa Ansab. Nilikuwa jikoni nasafisha brashi wakati alasiri ilipoadhiniwa, na kwa mara ya kwanza sikusikia, kwa sababu ya mlio wa maji ya bomba. Shangazi Zuwena, kwa wema wake, akaona uso wa Bibi umesimama mbele ya wanaotaka kuswali. Akaugeuza ubao, uso ukatazama ukuta. Kisha, ili safu zipate nafasi, wakasukuma kochi nyuma kabisa. Kochi likaubana ubao.

Nilipoingia walikuwa wanatoa salamu ya kumaliza swala. Nililivuta kochi, nikauvuta ubao, na ubao ukatoa sauti ndogo ya kunata. Ukutani, juu ya rangi nyeupe, alikuwepo Bibi, amegeuka, kushoto kwake kumekuwa kulia: shavu, kitambaa, na mkono uliosagika.

"Tobaa!" Shangazi alishika kichwa. "Sasa tutaswali tukimtazama Mama!"

Bibi aliusogelea ukuta, akainamisha kichwa huku na huku. "Mbona huku nimependeza zaidi?"

Mimi nililia mpaka sauti ikakatika. Baba alirudi kazini akatukuta hivyo. Aliutazama ukuta, kisha ubao. Uso ulikuwa umenusurika, kwa kuwa rangi yake ilikuwa nyembamba na imeanza kushika. Mkono, niliourundika rangi juu ya rangi, ulikuwa umeburuzika wote. Haukuwa na kucha wala pete. Lakini ulikuwa unasogea. Ulikuwa mkono wa mtu anayetaka kuinuka akaangalie chungu jikoni. Nilikimbilia kitabu, nikakifungua ukurasa wa mwanzo, nikakiweka karibu na ubao, nikatazama mkono ule, kisha huu.

"Imekwisha au haijakwisha?" Baba aliuliza. Nilikuwa na kisu cha siagi mkononi. Bibi alinitazama, huku vidole vyake vikizungusha tasbihi. Nikasema, "Imekwisha," kwa sauti ambayo sikuitambua, na Bibi akauchukua ubao akaenda nao chumbani kwake kabla sijafungua mdomo tena. Rangi zangu zilibaki.

Baba aliupaka ukuta rangi wiki ile ile. Mafuta yakapenya, na alama ikarudi, ya manjano kidogo. Ameupaka tena mara nyingi tangu hapo, na wanawake siku hizi huswali chumba cha pili. Sasa nimekodi chumba Ansab, na pembeni mwa chumba hicho mbao zangu zimegeuziwa ukuta, si kwa ajili ya swala, bali kwa sababu siwezi kuzitazama. Utotoni kochi na wanawake wema ndio walionilazimisha kumaliza. Leo nina brashi nzuri, mwanga mzuri, mlango unaofungwa kwa ufunguo, na hakuna mtu wa kunisukumia kitu chochote.

Jana alinipigia mwanamke anayeandaa maonyesho niliyoalikwa, mara yangu ya kwanza kualikwa popote. Alitaka kujua kama picha iko tayari. Ilikuwa mbele yangu, na sikio la kushoto halijanipendeza hata sasa ninapoandika. Nilisema imekwisha, njoo uichukue. Kisha nikakata simu haraka, nikaenda kuosha brashi zote, hata zile safi.