Nilimsimamisha Babu Mlangoni Auze Magodoro

Nimekosa mimi. Nalisema mwanzo kabisa ili msije mkanionea huruma bure mkifika katikati. Hakunishika mtu mkono, wala hakunidanganya mtu. Ni tamaa yangu na ujanja wangu wa mjini.

Nina duka la magodoro na vitanda hapa Kibaha, upande wa Tangini. Jina langu na la duka niachieni. Wanaonifahamu watanijua tu.

Kwetu ni Kisarawe, Chole. Nimelelewa na Bibi mzaa mama, pamoja na mama yangu. Babu sikumwona. Mama naye hakumwona, maana alikuwa tumboni Babu alipopelekwa vita vya Kagera. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Jeshi likasema hajulikani alipo. Halikusema amekufa.

Bibi akalishika neno hilo. Hakukaa eda, hakuruhusu matanga, na waliokuja kumposa aliwarudisha, wengine kwa matusi. Kila magharibi alipakua chakula kwenye sahani ya bati, akakifunika kwa kawa, akakiweka karibu na mlango. Asubuhi wanapewa kuku. Ukimuuliza, anakujibu kilikuwa cha Mwenyewe.

Mwenyewe ndiye Babu. Jina lake halikuitwa mle ndani. Huo ni mwiko wa kwetu: mtu aliyepotea bila kuzikwa haitwi jina kwa sauti. Wazee wanasema aliyemwita ndiye atakayempokea, na hakuna ajuaye atampokea akiwa katika hali gani. Mimi nilikuwa nacheka. Nimesoma, jamani, miiko ya nini!

Halafu Bibi alikuwa na utani na mimi, kama bibi yeyote wa pwani na mjukuu wake wa kike. Aliniita mke mwenzangu. Nikizidisha usingizi ananigongea dirishani, "Mke mwenzangu, amka, leo zamu yako kumpikia mume!" Tunacheka mpaka Mama anatufukuza. Utani huo sasa nikiukumbuka nywele zinanisimama.

Mwaka jana biashara ilinilalia. Mnajua Julai inavyokuwa. Sabasaba watu wameshamaliza hela zao, Nanenane bado, katikati hapo pamepooza. Stoo imejaa mpaka huwezi kupita. Nikaitazama kalenda, nikaona Siku ya Mashujaa. Sikukuu, watu wako nyumbani, na hakuna duka lenye ofa. Nikajiona nina akili kuliko Kibaha nzima!

Siku ile wakubwa wanaweka mkuki na ngao na mashada kwenye mnara, tarumbeta inalia, watu wananyamaza kuwakumbuka waliokufa vitani. Waliokufa! Mimi katika ukimya ule nikasikia nafasi ya kutangaza magodoro.

Picha ya Babu ilikuwa moja tu. Amevaa magwanda, anatazama mbele kama anayesubiri kuambiwa kitu. Ilikaa chumbani kwa Bibi, imefunikwa kanga. Nilipokwenda Chole kwenye Idi nilimvizia Bibi ametoka kutawadha, nikaifunua, nikaipiga na simu. Mama akanikuta.

"Unaipiga ya nini?"

"Ukumbusho tu, Mama."

"Basi isitoke humo kwenye simu yako," akasema. "Nakwambia mimi mama yako. Isitoke."

Nikaitoa. Nikaipeleka kwa watengeneza mabango, wakanikatia Babu wa ubao, urefu wa mtu mzima, magwanda yamepakwa rangi upya. Nikamsimamisha mlangoni mwa duka, bei nimembandika kifuani. Kwenye spika nikaweka tarumbeta ya maombolezo, ikimaliza inafuata sauti yangu mwenyewe: "Koplo Kibwana na wenzake wamelala! Na wewe lala vizuri! Ofa ya Mashujaa, magodoro bei ya kutupa!"

Nikaianza siku kadhaa kabla. Ikawa inapiga tangu nafungua mpaka nafunga. Jina ambalo Bibi hakuliruhusu litamkwe nyumbani kwake, mimi nilikuwa naliita barabarani kutwa nzima.

Na watu walinunua, sitawaficha. Ila mzee mmoja alisimama mbele ya ule ubao, akavua kofia, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ndugu zake wanajua?"

"Ndugu mwenyewe ni mimi, mzee wangu."

Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyekalia nyoka bila kujua. Akavaa kofia yake, akaenda zake. Nami nikaongeza sauti ya spika, maana kile kimya chake kilinikera.

Sikujua kwamba mama mmoja wa Marui, huko huko kwetu Kisarawe, anayeleta mihogo Kibaha, alikuwa ameshapita. Alimjua Babu tangu wangali wadogo. Hakuja karibu, alisikia tu jina likiitwa, akamwona kwa mbali mtu wa magwanda amesimama mlangoni kwangu. Akakimbia na habari mpaka Chole. Simlaumu hata kidogo.

Siku yenyewe ya Mashujaa, duka limejaa, nikamwona Bibi anavuka barabara peke yake.

Mungu wangu! Bibi ambaye hata Maneromango hapo jirani alikuwa haendi bila kusindikizwa! Alikuwa amepaka wanja. Mikono ina hina mbichi. Amevaa doti mpya ya kanga, udi unanukia kabla hajafika. Kwapani ana kifurushi.

Nikamkimbilia. "Shikamoo Bibi! Umekuja na nani?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Yuko wapi?"

"Nani, Bibi?"

"Mume wetu. Nimeambiwa yuko kwako." Akafungua kifurushi kidogo anionyeshe. Ilikuwa kanzu, imefuliwa na kukunjwa. "Nimemletea abadilishe. Atakuwa amechoka na hayo magwanda."

 Akanipita, akaenda moja kwa moja mlangoni. Akasimama mbele yake. Akanyoosha mkono taratibu, akamgusa shavu.

Ubao ukayumba. Akaupeleka mkono kwenye ile karatasi ya bei kifuani, akaishika kama anayetaka kufunga kifungo. Hapo hapo tarumbeta ikamalizika, ikaingia sauti yangu: Koplo Kibwana na wenzake wamelala!

Bibi akageuka. "Amelala?"

"Bibi, hilo ni tangazo tu…"

"Jeshini wamekuja kwako? Wamekuletea habari wewe, mimi wameniruka?"

"Hapana, Bibi. Hakuna aliyekuja."

"Nani basi kasema amelala?"

 Nikasema, "Ni mimi, Bibi."

Nilitamani anipige. Nilitamani alie, apige ukunga, aniaibishe mbele ya watu nipate kuanguka miguuni. Hakufanya hata moja. Aliikunja ile kanzu upya, pole pole, akaniwekea mikononi.

"Mimi nimemlinda asife miaka yote hii," akasema. "Sasa umemwita wewe, kwa jina lake, na umemwita na wafu. Mke mwenzangu, zamu yangu imekwisha. Akija, atakuja kwako."

Safari hii hakucheka.

Nilifunga duka mchana ule, nikamrudisha mwenyewe mpaka Chole.  Tulipofika, Mama aliniona na ile kanzu mkononi, akajua. Alikaa chini pale pale uani.

Jioni ile Bibi alikula, akanawa, akaingia kulala. Hakupakua sahani nyingine. Mama alipotaka kupakua, akamwambia, "Mpe huyo aende nayo kwake." Nikaondoka na ile sahani ya bati na lile kawa.

Nilikwenda tena na tena kumwomba radhi. Ananiitikia salamu, ananiuliza habari za watoto, basi. Hakuniita tena mke mwenzangu. Magharibi ikifika anaingia ndani, yule aliyekuwa hatoki barazani mpaka giza lizibe njia. Chakula kikamshinda, maneno yakamshinda. Kabla ya mvua za vuli tukamzika.

Mama aliniambia kaburini, bila kunitazama, "Bibi yako alikuwa anaishi kwa kusubiri. Wewe ukamwambia asisubiri." Tangu siku hiyo simu zangu anapokea kwa adabu, kama anayeongea na mtu wa benki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi!

Babu wa ubao nilimchoma moto. Ile rekodi ya spika niliifuta, ila nikipita mahali wanapopiga tarumbeta nasikia sauti yangu inafuata. Kanzu iko kabatini, siwezi kumvisha mtu wala kuitoa sadaka. Na mimi niliyekuwa nacheka miiko, naogopa kuacha kufunika ile sahani. Asubuhi moja nilikuta kawa limewekwa pembeni na chakula kimeliwa. Nilijiambia ni paka wa jirani. Bado najiambia hivyo.

Julai imefika tena. Jana nimeona mwenzangu wa ng'ambo ya barabara anatundika bango la ofa ya Mashujaa, amemchora askari anatabasamu, ameshika jiko la gesi. Nilitaka kuvuka nikamwambie. Sikuvuka, nikaona bora niandike.

Wafanyabiashara wenzangu, nawasihi! Uzeni Sabasaba, uzeni Nanenane, uzeni Idi na Krismasi. Siku ya Mashujaa fungeni mdomo. Ile picha unayoitundika ina mlango wake mahali fulani, na huwezi kujua nani bado ameuacha wazi.

Magharibi imeshaadhiniwa. Niishie hapa, niende nikapakue ile sahani.