Siku Tulipowatoa Watoto Nje

Mwanangu, kuna siku moja ya utoto wangu ambayo naikumbuka hadi leo. Ni siku ambayo mzee Yakobo, katekista wa kanisa letu kule Uvira, Kongo, aliingia uani kwetu bila hata kubisha hodi, akamkemea baba yangu.

Nilikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili. Mama alikuwa ameugua kifua kikuu, na baba, kwa kuogopa nisiambukizwe, alinifungia nguo zangu akanipeleka kwa shangazi yangu aliyeishi mji wa Fizi. Hakuniambia sababu. Wiki ileile nilikuwa nimevunja kandili, na hatukuwa na nyingine, basi mimi nikajua nimefukuzwa kwa ajili ya kandili. Niliporudi, mama akiwa amepona, Mungu ashukuriwe, sikuweza tena kula sahani moja na baba. Nilikula nimesimama, kama mgeni anayengoja kuambiwa aondoke.

Mzee Yakobo aliliona hilo. Akamwambia baba, "Umemkinga mtoto na ugonjwa, ukashindwa kumkinga na mawazo yake. Ulidhani ukinyamaza, naye atakaa bila kuwaza?"

Baba yangu alikuwa mtu wa sauti kubwa, lakini siku ile aliinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya ugonjwa. Nilifurahi kujua, ila miguu yangu haikufurahi upesi. Ulipita muda mrefu kabla sijaweza kukaa chini na kula.

Nakusimulia haya, mwingine akiniandikia, kwa sababu ya Riziki.

Ilikuwa mwaka 2015, ule wa umeme kukatwa kwa zamu. Nilikuwa nikiishi hapahapa Bellevue, Johannesburg, katika nyumba ya kizamani iliyogawanywa vyumba, na wazazi wa Riziki walipanga chumba cha pili kutoka changu. Baba yake alikuwa mlinzi wa duka mjini, mama yake msusi kule Joubert Park. Riziki mwenyewe alikuwa binti wa miaka kumi. Alizaliwa Johannesburg; Kiswahili alikisikia vizuri, lakini kukisema alisema kwa kuokota okota. Aliniita Koko, yaani babu, kama watoto wote wa Kikongo kanisani. Wenzake wa shuleni walimcheka, maana kwa Wasotho wa huku koko ni bibi. "Bibi gani huyu mwenye ndevu?" walimwuliza, naye akacheka pamoja nao.

Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuingiwa na ukungu, siwezi kusoma. Kila jioni baada ya shule Riziki alikuja kunisomea Zaburi kwa Kiingereza. Alisoma mstari mmoja, nami niliujibu kwa Kiswahili, kutoka kichwani. Akikwama kwenye neno sikumharakisha. Nilikuwa na wakati mwingi, na Bwana naye, nilimwambia, hana haraka.

Usomaji ulimpa taabu tangu darasa la kwanza. Aliyemfungua ni mwalimu mmoja msaidizi, Mama Thandi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachukua watoto waliochelewa kusoma, wachache wachache, akakaa nao katika chumba kidogo pembeni mwa stoo ya shule. Mwaka ule mtihani wa serikali ulikuwa unakaribia, ule ambao watoto wa nchi nzima huandika pamoja. Mtihani wa nyuma Riziki hakuufikisha nusu. Sasa alikuja kwangu anarukaruka.

"Koko, Mama Thandi amesema niko tayari. Safari hii nitaandika mpaka ukurasa wa mwisho."

Kisha habari ikaja kwamba fedha za shule zimepunguzwa, na wa kwanza kuondolewa ni Mama Thandi.

Wazazi waliandika barua, hawakujibiwa. Walikwenda ofisi ya elimu, wakaambiwa warudi wiki nyingine. Ndipo wazazi wenyeji wa hapa, Wazulu na Wasotho, wakakubaliana kwamba siku ya mtihani hakuna mtoto atakayekwenda shule. Wakubwa wanataka matokeo, basi waone madawati matupu. Sisi wageni tukakutana Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, tuamue kama tutaungana nao. Na kama ilivyo desturi yetu, watoto tuliwatoa nje wakacheze, maana yalikuwa mazungumzo ya watu wazima.

Wengine waliogopa. Mtu akasema, "Sisi hatuna nchi hapa. Tukipiga kelele watatuuliza karatasi za ukaazi."

Mama Mwanaidi, mwanamke wa Tanga mwenye kiduka, spaza kama wanavyoita huku, jirani na kanisa, alisimama. "Karatasi wanaziuliza hata ukinyamaza. Mimi nimenyamaza miaka yote hii na bado wananiuliza."

Watu wakacheka, na woga ukapungua. Papa Riziki, yaani baba yake, ndiye aliyesema kwa uchungu kuliko wote. "Mtoto wangu alikuwa hajui kusoma," alisema. "Leo anamsomea mzee huyu Biblia. Wakimtoa mwalimu yule, wamemtoa mtoto wangu." Akalia mbele yetu, mwanamume mzima. Tukakubaliana. Nikaombwa nifunge kwa sala.

"Papa, na sisi Waislamu tutaitikia amina," Mama Mwanaidi akaniambia, "ila usiirefushe, nimeacha duka wazi."

Niliomba, tukaitikia amina. Nje tulisikia watoto wakirusha mpira ukutani.

Siku ya mtihani ilipofika shule ilikuwa tupu. Papa Riziki aliamka, na kabla ya kwenda kazini akamwambia binti yake, "Leo huendi shule." Mtoto akauliza, "Na mtihani?" Akajibiwa, "Mtihani huandiki. Kaa nyumbani." Mlango ukafungwa, baba akakimbilia teksi ya kwenda mjini. Alikuwa amechelewa, na tena, mwanangu, kwetu mzazi hamwelezi mtoto kila kitu. Nguo za shule Riziki alikuwa ameshazivaa.

Watu wa ofisi walikuja shuleni, wakaona, wakaondoka. Barua ikafuata, yenye maneno mazuri. Mwisho wa muhula Mama Thandi akaondoka vilevile.

Riziki naye akaacha kuja kwangu. Nilingoja siku kadhaa nikidhani anaumwa, halafu nikachukua fimbo yangu nikaenda kwao. Nilimkuta amekaa kitandani na mdogo wake mapajani.

"Riziki, Zaburi zangu umeniachia nani?"

"Tafuta mtu mwingine, Koko. Mimi sijui kusoma."

"Na ile sauti niliyokuwa nikiisikia ni ya nani?"

Hakucheka. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, pole pole, kama mtu aliyelipanga jambo hili siku nyingi kichwani. "Papa alinificha siku ya mtihani. Hakutaka nimpatie aibu tena. Na Mama Thandi walimfukuza juu yangu, sababu alinifundisha muda mrefu na mimi sikujua haraka."

Papa Riziki alikuwa mlangoni, bado na sare yake ya kazi. Hatukumsikia akiingia. "Nani alikuambia hivyo?" aliuliza.

"Hakuna mtu aliniambia kitu," Riziki alisema.

Baba yule alipiga magoti sakafuni. Alimweleza yote: barua, kikao, madawati matupu, kwamba jambo lote lilifanywa kwa ajili yake na wenzake. Alimwambia, "Mimi nililia kwa sababu yako mbele ya watu." Riziki alimsikiliza kwa adabu. Mwishoni akasema, "Sawa, Papa." Niliijua sawa ile. Ni sawa ya mtoto anayedhani mtu mzima anamwonea huruma. Nilimkumbuka mzee Yakobo, nikakumbuka nilivyokula nimesimama.

Baadaye alirudi kwangu, kwa kuwa mama yake alimtuma. Alikaa kwenye stuli yake, akafungua Biblia, akawa ananigeuzia kurasa tu. Nilizisema Zaburi peke yangu kwa Kiswahili. Wakati mwingine nilikaa kimya katikati ya mstari kana kwamba nimesahau, nikitumaini atalisoma neno linalofuata. Alijua kwamba sijasahau. Niliinama karibu, nikaiona midomo yake ikilitafuta neno, ikalipata, lakini sauti haikutoka.

Kisha baba yake akapata kazi mji mwingine, wakahama. Stuli ile ningali nayo, na hadi leo nikizisema Zaburi nanyamaza kidogo katikati ya mstari.

Mwanangu, sikuambii usisimame kudai haki. Wazazi wale walidai jambo la haki, nami siijutii amina yangu. Nakuambia hivi: siku utakaposimama kwa ajili ya mtoto, mwite ndani asikie. Mpe sababu kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Kizulu chako kibovu, hata kama umechelewa kazini. Usingoje akuulize, kwa kuwa mtoto mwenye aibu haulizi. Na ukimkuta amekwisha kujihukumu, mwambie leo, mwambie na kesho, wala usichoke ikiwa haamini, maana moyo wake utakaa chini polepole, kama miguu yangu.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe. Akupe kinywa kisichowaficha watoto wako upendo wako, na popote alipo Riziki, Bwana amrudishie sauti yake. Nawe unaponisoma, itikia amina.