Pazia la Mama Mkorea

Mwezi uliopita nilikuwa namrudisha mama kutoka kwa daktari wa macho, tukapita ile barabara ya Alexandria, hii ya huku ughaibuni, tuliyokaa nilipokuwa mdogo, kule upande wa magorofa. Taa ikawa nyekundu. Mama akageuza shingo kutazama maduka, akasema, "Wameng'oa hata kibao." Nikatazama na mimi. Pale palipokuwa duka la picha sasa wanatengeneza simu, na vitaa vya rangi vinawaka mchana kweupe utadhani kuna maulidi. Nakwambia nilipigiwa honi mpaka nikaona haya, maana taa ilishageuka kijani zamani na mie bado nimekodoa macho.

Wewe hukulijua duka lile, kwa hiyo nivumilie kidogo nikueleze.

Mama yangu alikuwa akisafisha vyumba hotelini siku za kazi, na Jumamosi alikuwa mpiga picha. Si mpiga picha wa kila mtu, la. Alipiga picha za shughuli za wanawake. Watu wetu wa Unguja, wa Mombasa, wa Tanga, walioenea kuanzia kwetu Alexandria mpaka Bladensburg na Bowie, wakioza binti yao walikuwa lazima wamwite mama. Baba alituendesha, anatushusha mlangoni, na yeye anakwenda zake kunywa kahawa na wanaume wenzake.

Ndani huko, mwenzangu, kulikuwa na dunia nyingine. Mabuibui yanarundikwa kitandani chumba cha nyuma, na unayemwona kila siku kajifunika mpaka kidevuni anatokea na nywele zimemwagika mgongoni, kavaa gauni la kung'ara, hina mpaka kwenye viwiko. Harufu ya udi na asumini, sambusa zinapita kwenye sinia, ngoma inapigwa kwenye ndoo ya plastiki kwa sababu ngoma yenyewe imekwama forodhani. Wakifunga kanga kiunoni wakaanza kucheza, hata bibi mwenye magoti mabovu anainuka. Na wote wanataka picha! "Nipige na mimi, shoga, nipige kabla wanja haujamwagika!"

Lakini filamu haijisafishi yenyewe. Lazima uitoe kwenye kamera uipeleke kwa mtu, na mtu huyo ataziona nywele za wake za watu na mabinti wa watu, moja baada ya moja, kubwa na za rangi. Hapo ndipo roho ya mama ilipokuwa ikining'inia. Picha moja ikionwa na mwanamume asiyehusika, jina lake limekwisha, na si jina tu, hakuna mwanamke angekubali tena kuvua mtandio mbele yake. Alikuwa akilala na mikanda ile ya filamu chini ya mto.

Mara ya kwanza alipoingia duka lile nilikuwa nimeshika pindo la koti lake. Duka dogo, kabati za kioo zenye kamera, na harufu ya dawa ya kusafishia picha iliyokuwa kali kama siki. Wenyewe walikuwa mume na mke, Wakorea, watu wazima. Kiingereza cha mama wakati ule kilikuwa cha "shuka" na "taulo", na cha yule mke hakikuwa bora zaidi. Basi mama akaweka mikanda kwenye meza, akavuta mtandio mpaka puani, akamnyooshea kidole yule mume, akatikisa kichwa: huyu hapana. Akajishika kifua, akamnyooshea yule mke: wewe, ndiyo.

Yule mke alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. Akamgeukia mumewe, akamwambia maneno mawili matatu ya kwao. Mzee wa watu akachukua kofia yake na gazeti, akatoka nje.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Tuliporudi mara ya pili tukakuta mashine ya kusafishia picha kule nyuma imewekewa pazia la maua, refu mpaka chini, yule mke kashona mwenyewe. Mama naye akawa anafunga uzi mwekundu kwenye mikanda ya shughuli, na mikanda ya kawaida, ya mahafali na ya watoto, anaiacha hivi hivi. Uzi mwekundu ukionekana mezani, mzee anachukua kofia. Ukipita na basi ukamwona amekaa kwenye kiti pale nje, ujue wanawake wa pwani wako ndani wanasafishwa. Majira ya baridi alikuwa anakaa ndani ya gari lake na injini inaunguruma, maskini, anatafuna chungwa. Sikuwahi kumsikia analalamika.

Sisi tulimwita Mama Mkorea. Mwezi wa Ramadhani mama alimpelekea kaimati, naye akatupa mapea makubwa ya kwao, moja moja limevikwa kisoksi cha wavu. Siku moja akatupa kabichi lake la pilipili kwenye chupa. Baba alifungua friji, akarudi nyuma hatua nzima, akauliza ni nani aliyekufa mle ndani. Mama akalila peke yake na wali, tena kwa kumkomoa baba.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama kupanga picha kwenye albamu, zile zenye kurasa za gundi. Tunakaa sakafuni sebuleni, chai ya maziwa pembeni, mikono imenawishwa, na baba haruhusiwi kupita mpaka tufunike kila kitu kwa kanga. "Nyumba yangu na napita kama mwizi," ananung'unika. Mama anamjibu, "Mwenzio yuko garini na theluji inaanguka, na duka ni lake."

Basi, wakati huo huo likafunguliwa duka kubwa karibu na kwetu, la kuuza kila kitu, dawa, soda, viatu vya mvua, na kwenye kona lilikuwa na mashine inayotoa picha kwa saa moja. Tena kwa bei ya kutupa. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, mwanamke wa Mombasa, mcheshi na mwenye moyo mzuri, naye akajinunulia kamera akaanza kupiga picha za shughuli. Akaja kumwambia mama bila kuficha.

"Sikiza, shoga, mbona wajitesa? Wapanda basi wenda kwa Mkorea wako, wangoja siku nne, na hapa hapa chini picha zatoka nawe wasubiri wanunua maziwa!"

"Mie silipii picha," mama akamwambia. "Nalipia pazia."

Baba naye alikuwa upande wa jirani. Kwake yeye pesa ni pesa, na kununua ghali wakati kuna rahisi ni maradhi. Mama akamwambia zimwi likujualo halikuli likakwisha. Baba akasema huyu zimwi wako anatumaliza taratibu.

Ikaja arusi ya kule Bowie, ya watu wenye nafasi, nyumba ya vyumba vingi na bustani mbele. Mama wa bibi harusi alimwita mama mapema, ila akaweka sharti: shughuli ni Jumamosi alasiri, na Jumapili jioni kuna mtu anasafiri kwenda Unguja. Lazima aondoke na picha, kwa sababu nyanya wa bibi harusi amelala kitandani huko nyumbani na anangoja kumwona mjukuu. Unatujua sisi, msafiri hatoki mikono mitupu. Jumapili Mama Mkorea alikuwa akifunga, anakwenda kanisani. Mama akaomba angaa Jumatatu. Akaambiwa mtu hasubiriwi na ndege. Akaambiwa basi, si kuna mashine ya saa moja?

Mama akasema hapana. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lao nakula vileja, na ninakumbuka nilivyoacha kutafuna. "Nisamehe, dada yangu," alisema. "Nikizipeleka kule sitalala. Tafuteni mwengine." Kazi ile ndiyo ingetununulia makoti ya baridi.

Jirani akaenda. Jumapili akapeleka mikanda kwa mashine, akaingia ndani kutafuta maziwa kama alivyosema. Sasa mashine ile ilikuwa nyuma ya kioo, na picha zilikuwa zinashuka mbele ya watu kwenye mkanda mdogo, zimegeuka juu, moja baada ya moja, kila mtu aliyesimama foleni anaona. Na Jumapili ile kwenye foleni alikuwapo nani? Dereva teksi mmoja wa msikiti wetu, kaja kuchukua picha za pasipoti. Mtoto wa watu alikuwa na haya, aligeuza uso. Lakini alishamwona mke wa mjomba wake mwenyewe, kafunga kanga kiunoni, nywele chini, anacheza. Akaenda kumwambia huyo mjomba, kwa nia njema kabisa, wakachukue picha zile haraka. Habari ikafika Bowie kabla ya adhana ya magharibi.

Hakukupigwa mtu, hakukuachwa mtu. Lakini wanawake walilia. Jirani alishuka ngazi akaja kukaa jikoni kwetu, amejiziba uso na upindo wa leso, anasema, "Sikujua, wallahi sikujua." Mimi nilitarajia mama atamwambia si nilikwambia. Alimkaangia yai. Msafiri akaondoka bila picha, na mama aliipeleka mikanda iliyobaki haijasafishwa kwa Mama Mkorea, picha zikafungwa vizuri, zikaenda na msafiri mwengine.

Baada ya hapo wote wakarudi kwa mama, na kwa duka lile, kwa miaka mizuri. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema, na kata yetu ni Mkorea. Mwanamke mwenyewe hakuwahi kukanyaga shughuli yetu hata moja, lakini alijua nani kazaa, nani kanenepa, nani kaanza kupaka nywele rangi kuficha mvi. Akiwaona njiani wamejifunika anawapita kimya, hasalimii kama mtu anayewajua. Hilo ndilo lililokuwa likimfurahisha mama kuliko yote.

Halafu zikaja kamera zisizotaka filamu, na hapo, mwenzangu, ndipo nilipojua binadamu anavyosahau upesi. Wanawake wale wale walikwenda kwa Mama Mkorea, wakazishika kamera zake, wakauliza hii inafanyaje, ile inafanyaje, akawaonyesha mpaka betri ikaisha, wakamshukuru, wakatoka wakaenda kuinunua kwenye maduka makubwa au kwenye kompyuta. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na hasira zilinipanda. Mama aliwaambia waziwazi kwenye shughuli moja kule Bladensburg: "Mnakwenda kuosha macho kwake, kisha mnakwenda kununua kwengine. Si uungwana." Wakacheka. Kila mtu na mfuko wake, wakasema.

Mama naye alitaka mojawapo, na baba aliikuta kamera ile ile, sanduku lile lile, kwa bei iliyomfanya arudi nyumbani anapiga mluzi. Mama akavaa koti, akapanda basi, akainunua kwa Mama Mkorea. Waligombana siku hiyo nikasikia mpaka kwenye ngazi. "Kamera ni kamera!" baba alipiga kelele. Mama alisema sawa, ni kamera, na chai ni chai, lakini mtu anajua anakunywa kwa nani.

Haikulisaidia duka. Mteja mmoja hashikilii dari. Siku walipofunga, Mama Mkorea alimpigia mama simu aje, tena aje na mkasi. Tulikwenda pamoja. Tulikuta amekaa nyuma ya pazia na sanduku la picha zilizoharibika kwenye mashine miaka yote, zile zilizotoka nyekundu mno, zilizokatika vichwa. Hakuzitupa hata moja, alisema, maana takataka zina macho. Wakakaa wawili chini, wakakata. Nywele, hina, vicheko, vipande vipande mpaka huwezi kumjua mtu. Mzee alikuwa nje kwenye kiti, japo hapakuwa tena na kitu cha kulinda isipokuwa taka. Mama alilia. Mimi pia nililia, sikujali.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na shughuli ya binti wa kaka yangu, ukumbini. Mlangoni kasimama msichana na mifuko yenye gundi. Kila anayeingia anatoa simu, inatiwa mfukoni, inafungwa, kwa sababu kuna arusi moja picha zake zimezunguka kwenye simu za watu mpaka Dubai, na hakuna anayejua nani aliyezirusha. Sikushangaa, nikatoa yangu. Mama akafungua mkoba wake kwa mazoea, kamera imo. Msichana akaiona.

"Sorry, bibi. Hata hiyo."

Mtoto yule, nyanya yake ni jirani yetu wa ghorofa ya juu. Mama yake alipoolewa, aliyempiga picha ni huyu aliyesimama mbele yake. Nilifungua mdomo nimwambie, mama akanibana mkono. Akaitoa kamera, akaitia mwenyewe kwenye mfuko, akaingia. Ngoma zilipigwa, watu walicheza, bibi harusi alikuwa mzuri mpaka macho yanauma, na hakuna hata picha moja. Mama alikaa kwenye kiti mikono imelala mapajani, hajui aifanyie nini.

Kwenye gari nilikuwa bado nina hasira. Nikamwuliza kama hakuona vibaya, kunyang'anywa kamera, yeye wa watu wote.

"Hakukosea," mama alisema. "Sie tulikuwa na mtu wa kumpelekea. Wao hawana."