Nililewa Kungumanga Siku ya Kumuozesha Dada Yangu

Nimekosa. Simsingizii mtu, wala shetani simtaji, maana hakunishika mkono. Nilikunywa mwenyewe kwa akili zangu, na aliyeumia ni mdogo wangu wa kike.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo hapa Unguja. Kila siku nawapasulia tunda la kungumanga na kuwachekesha: "Bibi zetu huikuna ndani ya uji siku ya harusi, haya ziwatoke." Wao hucheka, tunakwenda mti mwengine. Lakini mimi nikaanza kujiuliza, hivi ni kweli inalevya? Udadisi ukanikaa kichwani ukakataa kutoka.

Nikatafuta gongo kwa jamaa mmoja, nikaroweka humo kungumanga na magome. Nikajiambia hii si pombe, ni dawa ya miti shamba. Uongo mtupu! Dawa gani mtu anaifungia mlango wa choo?

Mara za mwanzo niliona raha. Rangi za kanga zilizoanikwa uani ziliwaka, na adhana niliisikia kama inatokea kifuani mwangu. Astaghfirullah, hata kuandika naona haya! Nikajiona bingwa wa akili yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Baba yetu keshafariki, kwa hiyo walii wa dada yangu ni mimi. Mimi ndiye wa kumuozesha. Nilikuwa naogopa kutamka mbele ya watu wote wale, basi asubuhi ya siku ya nikaha nikapiga funda la kunitoa woga. Sikuona kitu. Adhuhuri nikaongeza. Kimya! Nikatafuna karafuu kuua harufu, nikavaa kanzu.

Nikaingia chumbani kumtaka idhini yake. Alikuwa amekaa kitandani kajifunika ushungi, hina na piko mikononi, sauti inamtetemeka.

"Nshakubali, kaka. Nenda kaniozeshe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ole wangu!

Kumbe kungumanga haina haraka. Ilinipanda mskitini, baada ya sala ya alasiri, nimekaa goti kwa goti na bwana harusi, mkono wangu ndani ya mkono wake. Sheikh akaniambia nitamke. Mdomo umekauka, moyo unadunda, na mkono wa yule kijana nauona mrefu hauna mwisho. Nikaangua kicheko! Mbele ya wazee, mbele ya sahani za halua, nacheka mpaka machozi yananitoka.

Sheikh akaniinamia, akanusa. "Umekunywa nini wewe?"

"Dawa, sheikh."

"Lahaula! Huyu hana akili timamu, hawezi kuozesha."

Ami yangu akasogea mbio aozeshe yeye, lakini baba wa bwana harusi alishamwinua mwanawe. "Kwenye nyumba ya watu hawa sichukui mke. Twende zetu." Wakatoka wote. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa.

Nyumbani wanawake walidhani mambo tayari. Walikuwa wanapiga vigelegele.

Dada yangu hakunitukana. Natamani angenitukana! Alikaa ndani mpaka hina ikamtoka, ndipo akaja kuniuliza jambo moja.

"Kaka, kama ulikuwa humtaki yule mtu, si ungenambia?"

Jamani, alidhani nilifanya makusudi! Nikamwapia sivyo. Nikamwambia nlikuwa najaribu tu, nlitaka kujua inafanya nini kichwani.

Akanitazama sana. "Ukajaribia kwangu?"

Yule kijana keshaoa kwengine. Gongo nimeacha, lakini kuacha kwangu hakumrudishii mtu mume.

Nawe unayechanganya mizizi na magome kwa siri, ukijiambia kichwa ni chako, koma! Kichwa ni chako, sawa. Lakini yuko mtu kakaa chumbani, kajipamba, anakungoja wewe useme neno moja tu.