Isale Nililopeleka Bila Kutumwa

Juzi juzi nilipanda Kirua kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wa dada yangu. Kanisa limepakwa rangi, vipaza sauti vipo kila nguzo, na watoto walikuwa wanapigwa picha hata kabla padri hajatoka sakristia. Sina neno na hilo, kila watu na siku zao. Ila ulipofika wakati wa kupokea, mabenchi yote yalinyanyuka. Yote kabisa, pamoja na kijana mmoja ambaye asubuhi ile ile niliambiwa hasemezani na baba yake. Kwenye benchi letu ikabaki mikoba ya akina mama tu. Nikaitazama ile mikoba, nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi huyu ni mama yake baba, ndiye aliyenilea. Baba na mama walikuwa wanatafuta maisha Tanga. Kwa miaka minne bibi alikuwa anakwenda kanisani kila Jumapili, mvua au jua, na kila Jumapili wenzake wakinyanyuka kwenda kupokea, yeye anakunja magoti pembeni wapite, anabaki. Kigango kizima kilijua sababu: mwenye kinyongo hapokei, na bibi alikuwa nacho. Hata kwenye Baba Yetu, akifika pale penye kusamehe waliotukosea, alikuwa anafunga mdomo, anawaacha wengine wamalize, halafu anaungana nao mbele. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akaniambia, "Mimi nitamdanganya mjumbe, nitamdanganya hata bwana shamba. Mungu simdanganyi mchana kweupe."

Sababu yenyewe ilikuwa maji. Wewe uliyekulia huko unajua mfongo, ule mfereji wetu unaoleta maji kutoka juu mlimani, kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kina siku yake na saa yake. Kiangazi kimoja, siku ya zamu ya bibi, maji hayakufika. Alipoufuata mfereji kwenda juu akakuta umefungwa kwa gogo la mgomba na majani, maji yote yameingia kwa jirani yetu, mama mmoja aliyeolewa ukoo wetu huo huo. Miche ya kahawa ya bibi ilikauka. Bibi akasimama ukingoni, watu wanatoka kanisani, akamwita yule mama mwizi wa maji kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. Jirani akajitetea kwamba ni fuko ametoboa ukingo.

"Fuko!" bibi akasema. "Fuko gani huyo anajua kufunga mfongo kwa mgomba? Mlete basi tumpe kazi."

Watu walicheka, na nadhani ni kile kicheko kilichoharibu mambo kuliko maji. Tangu siku ile hawakuamkiana. Jumuiya ikisali kwa jirani, bibi mguu unauma. Ikisali kwetu, jirani ana mgonjwa. Mpaka wa vihamba vyao ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandia mipaka, na bibi hakuuvuka hata kufuata kuku.

Sasa nisipotee. Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kujaa Moshi mjini, baada ya ile miaka ya foleni za sabuni na sukari. Mimi nilikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Mafundisho yalikuwa Jumamosi, chini ya mgrevilea wenye rimu ya lori iliyokuwa ndiyo kengele yetu. Jirani na hapo palikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, kwa hiyo amri kumi za Mungu mimi nimezisoma na harufu ya maganda yaliyochacha. Mpaka leo nikisikia harufu ile nakumbuka ya sita na ya tisa, zile za uzinzi na kutamani mke wa mtu, ambazo mwalimu alizipitisha harakaharaka.

Mwalimu wa dini alikuwa mzee mwembamba mwenye baiskeli ambayo sikuwahi kumwona ameipanda, aliikokota tu. Kwaresma ilipoanza alituambia kila mtoto afanye tendo moja jema kwa wiki, Jumamosi atasimama alitaje. Basi ukaanza ushindani, we acha tu. Watoto wenye roho mbaya kuliko wote walikuwa wanawinda wazee njiani wawabebee mizigo. Jumamosi ya pili mwalimu akaanza kuuliza.

"Wewe?"

"Nimempelekea bibi wa juu majani ya ng'ombe, mwalimu."

"Vizuri. Na wewe?"

"Majani ya ng'ombe. Kwa bibi wa juu."

Wa tatu hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo. Mwalimu akavua kofia. "Huyo bibi wa juu ana ng'ombe?"

Sauti moja ya nyuma ikajibu, "Hana, mwalimu. Ng'ombe wake alikufa mwaka jana."

"Sasa majani mliyompelekea ale nani?"

Aligeukia upande wa baiskeli, tukaona mabega yanatikisika. Tulidhani analia kwa ajili ya dhambi zetu.

Mimi tendo langu lilikuwa jipya kila wiki lakini dogo. Nimeosha sufuria bila kuambiwa. Nimemwachia mdogo wangu ukoko wa mtori. Mwalimu aliitikia tu "haya", anaenda kwa mwingine. Na lilikuwapo jambo lililonisumbua zaidi. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba siku ya komunyo kila mtoto atakwenda altareni na mzazi au mlezi wake, watapokea pamoja, bega kwa bega. Mlezi wangu ni bibi. Na bibi hapokei. Nilikuwa najiona nimesimama peke yangu kwenye mstari kama mgomba uliosahaulika kupaliliwa, kigango kizima kinanihesabu.

Nikamwambia bibi. Alikuwa anamenya ndizi za kiburu, maharage yanachemka. Akasema, "Utakwenda na mama yako wa ubatizo."

"Mwalimu amesema mlezi."

"Mwalimu hakunyimwa maji."

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kwetu mtu akikosa, akitaka kuomba msamaha, anatuma jani la isale kwa aliyemkosea. Anayeletewa hawezi kulikataa hivi hivi, kulikataa ni jambo zito. Hayo nilikuwa nimeyasikia tangu nanyonya. Nikafikiri kwa akili ya mtoto: kuomba msamaha ni tendo jema, mwalimu amesema hivyo, na hakusema ni lazima uwe umekosa. Basi Alhamisi moja bibi amekwenda shamba la chini kukata majani, nikachuma isale pale pale mpakani, nikavuka, nikaenda kwa jirani. Alikuwa uwanjani anaanua kahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Bibi amenituma." Nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Akalitazama. Akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja. Halafu akafuta mikono kwenye kitenge, akalipokea, akasema, "Haya. Mwambie nimepokea." Nilirudi nimejaa wema mpaka kooni. Sikuwa nimefikiria hata kidogo kwamba anayetuma isale ndiye anayekiri kosa, kwa hiyo nilikuwa nimemkirisha bibi yangu mbele ya dunia, yeye aliyekaukiwa na miche.

Jumanne iliyofuata jumuiya ilisali kwetu. Rozari imefika fumbo la pili, jirani huyo anaingia, na isale mkononi. Akina mama wakageuka wote. Wakamaliza rozari, sijui walimalizaje, na jirani akasimama akasema, "Mama, nimepokea isale lako. Na mimi kama nilikukosea, nisamehe."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alilitazama lile jani, kisha akanitazama mimi, mara moja tu, na mimi nikaangalia chini. Ilikuwa neno moja tu, "sikutuma", na mambo yote yangerudi pale pale, tena mabaya kuliko mwanzo, na mimi ningeondolewa kwenye mafundisho kwa uongo. Mbuzi alilia nyuma ya nyumba. Mama mmoja akakohoa kwa kusaidia.

"Nashukuru," bibi akasema. "Kaa basi, chai itapoa."

Wageni walipoondoka nilijua fimbo inakuja. Haikuja. Bibi alikusanya vikombe, akasema amenipa mgongo, "Uongo wako utaupeleka kwa padri. Wangu nitaupeleka mwenyewe." Hakusema kama atapokea au hatapokea, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Kitubio chetu kilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla ya komunyo. Nilimweleza padri yote, nikachukua muda mrefu mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukwaruza viatu. Kisha akanipa Salamu Maria tatu, ambazo si kitu, na kitu kimoja kingine: kabla ya Jumapili niende kwa yule niliyemdanganya, nimwambie ukweli.

Nikimwambia, isale linakufa, ugomvi unafufuka, bibi anabaki kwenye benchi. Nisipomwambia, mimi ndiye napokea na dhambi. Nililala nalo, nikaamka nalo. Jumamosi asubuhi nikavuka mpaka.

Jirani alikuwa anamkatia ng'ombe migomba, panga linakwenda tap, tap, tap.

"Mama, bibi hakunituma."

Panga halikusimama. "Najua."

"Unajua?"

"Isale linabebwa na mtoto? Bibi yako angekuwa ametuma, angemtuma mzee wa ukoo, tena na kibuyu cha pombe ya mbege. Isale la mkononi mwa mtoto ambaye hata kamasi hajafuta!" Akacheka kidogo puani.

"Sasa mbona ulipokea?"

Akaweka panga chini, akanyoosha mgongo. "Miaka minne nazunguka bondeni kwenda kanisani nisipite mbele ya nyumba yenu. Unajua kile kilima cha kurudi? Magoti yangu yamekwisha. Lingeletwa hata na mbwa ningelipokea."

Nilitaka kuuliza na yale maji je, alifunga au hakufunga. Nikafungua mdomo, "Na mfongo..."

"Mfongo gani? Nenda kwenu. Na bibi yako usimwambie kwamba nilijua. Akijua, ataanza upya."

Kwa hiyo mpaka leo sijui kuhusu fuko.

Jumapili asubuhi bibi alinivisha gauni jeupe la mtumba, alilotuletea shangazi kutoka Mabogini pamoja na mchele. Lilikuwa na nembo ya shule ya wazungu kifuani, bibi akaifumua kwa wembe uzi mmoja mmoja, lakini alama ilibaki. Yeye akavaa kitenge chake cha sikukuu. Njiani hakusema kitu. Kanisani akakaa pale pale pa siku zote. Nyimbo zikaimbwa, mahubiri yakaenda yakarudi. Ulipofika wakati, mwalimu wa dini akaita majina yetu mmoja mmoja, na kila mtoto aliyeitwa alisimama na mtu wake. Nikaitwa. Nikasimama. Niliangalia mbele tu, sikutaka kuona.

Nikasikia benchi linalia. Kisha mkono mkavu ukanishika begani, na tukaenda.

Sikumbuki nilijisikia vipi kupokea, nisikudanganye. Watu wanasema mbingu zilifunguka. Mimi nilikuwa na hofu ya kuiangusha hostia. Ninachokumbuka ni kwamba tukiwa njiani kurudi, karibu na nyumbani, bibi alisema neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Hostia wamezipunguza unene. Zamani zilikuwa nene kuliko hizi."

Alipokea kila Jumapili tangu siku ile. Yeye na jirani marafiki hawakuwa, nisikupambie. Waliamkiana, zamu za maji ziliheshimiwa, mmoja akipika mbege anampelekea mwenzake, na kila mmoja alisema mbege ya mwenzake ni chachu. Kahawa iliposhuka bei mpaka watu wakaanza kuing'oa wapande nyanya, wao wawili waling'oa wiki ile ile, kila mmoja upande wake wa masale, wanasemezana kwa juu.

Jirani alitangulia kufa. Tulimzika kwenye kihamba chake, chini ya migomba. Bibi wakati huo haoni vizuri, tulimwekea kigoda karibu na kaburi. Watu walipokwenda kunawa, akanishika kitenge.

"Huyu mama," akasema, "amekufa anafikiri sikujua kwamba alijua."

Nikashtuka. Nikamuuliza alijuaje.

"Isale la mtoto? Angelipokeaje bila kujua, alikuwa mjinga? Hakuwa mjinga. Ule mgomba aliufunga vizuri sana." Akajifuta macho, sijui ni machozi au ni ule ugonjwa wake.

Bibi naye amelala sasa. Mfongo umekauka, juu huko kuna mabomba na mita. Jumuiya ipo, inakutana kwa saa nzima na kila mtu na simu yake. Wajukuu wa wale mama wawili, watu wa Dar es Salaam, wasomi wazuri tu na wanapokea kila Jumapili, wako mahakamani mwaka wa tatu kwa ajili ya ule ule mpaka. Nilikwenda kuwasikiliza siku moja. Kila mmoja alisimama akasema kila anachokijua juu ya mwenzake, chote, hakubakiza kitu, na karani akaandika. Wakapewa tarehe nyingine.