Gari Nililitengeneza Mimi, Sifa Nikampa Mume Wangu

Admin, nakuomba unifichie jina. Watu wetu hapa Stockholm tunajuana, na nikitajwa tu, mtaa wetu wote wa Hjulsta utakuwa na habari kabla sijashuka kwenye treni.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Mume wangu ni Mkongo wa Uvira. Nitamwita Baba Neema, ingawa binti yetu haitwi Neema. Kwao alikuwa mkuu wa shule. Hapa alikaa miaka mingi bila kazi, anashinda sebuleni na nguo za kulalia, na kanisani watu walimsalimia kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa.

Mimi ni fundi wa magari. Narudia kwa sababu nimechoka kulimeza: mimi ni fundi. Baba yangu alikuwa na gereji Buyenzi, nikashika spana kabla sijashika mwiko. Hapa nikasoma ufundi upya kwa Kiswidi, nikapata cheti, halafu kazi niliyopewa ni ya kuogesha wazee, zamu ya jioni. Nikapiga moyo konde, lakini mikono ilikuwa inaniwasha.

Mwaka 2008 nikajipatia bodi la gari la Kimarekani la miaka ya sitini, milango miwili, pua ndefu, limeoza kwenye banda la mkulima. Waswidi wanayapenda magari haya kupita maelezo, majira ya joto wanayatembeza taratibu mjini vioo vyote chini. Injini yake ilikuwa imekufa kabisa, nikaamua kuliwekea ya kisasa, ya kompyuta, iliyotoka kwenye gari lililopata ajali. Nikakodi nafasi kwenye gereji moja ya Akalla ambako kila mtu anajitengenezea gari lake. Miaka mitatu, kila asubuhi kabla ya zamu. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikataa kuingia, inagonga chasisi, nikaikata na kuichomelea upya. Nikatoa kabureta, nikavuta waya mmoja mmoja, nikaweka pampu ya mafuta ndani ya tangi, breki za mbele nikabadilisha zote. Baba Neema alikuja mara kadhaa, akanishikia taa. Sitaki kumsingizia, taa aliishika vizuri.

Sasa sikieni kosa langu. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza, mchungaji na wazee wa kanisa walikuja gereji kuiombea, maana kwetu kitu kikubwa hakitumiki bila maombi. Mchungaji akauliza, "Fundi ni nani, tumwekee mikono?" Nikamwona mume wangu ameinamia viatu vyake. Mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni Baba Neema, mchungaji." Wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakamshukuru Mungu kwa kipaji chake. Mimi nimesimama pembeni na grisi mpaka kwenye viwiko, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Alipofumbua macho alikuwa ameinua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu tufike nchi hii. Nililia kwa furaha. Nilidhani nimempa siku moja tu.

Ukafika ukaguzi, maana gari likibadilishwa injini haliingii barabarani mpaka likaguliwe. Kwetu mke hamkatizi mume mbele ya wageni, kwa hiyo nikashika faili la karatasi nikanyamaza. Mkaguzi akauliza swali, Baba Neema akanigeukia kama anayeomba karatasi, akaniambia kwa Kiswahili: "Mama Neema, anauliza juu ya nini tulibadilisha breki za mbele."

"Mwambie injini hii ina nguvu mara mbili ya ile, breki za zamani zisingeweza kulisimamisha gari."

Akamweleza mzungu kwa Kiswidi cha kimwalimu, kidole juu. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, mimi napika, yeye anapakua. Mwishoni mkaguzi alimpa mkono, halafu akanitazama mimi, akasema nina bahati kupata mume kama huyu.

Jamani, hata hilo nilivumilia. Kuna karakana moja hapa inayofanya kazi za namna hii tu. Mimi nimepeleka maombi pale mara mbili, na cheti changu, nikaambiwa hakuna nafasi. Mwenye karakana aliliona gari letu kwenye maonyesho, akampa Baba Neema kazi palepale. Naye akakubali! Nilipomuuliza kwa nini hakunitaja mimi, akasema, "Mama Neema, si wewe mwenyewe ulisema mbele ya Mungu ni mimi? Sasa unataka nikuumbue?"

Nikamgeukia binti yangu, ana miaka kumi na minne, nikamwambia wewe unajua nani alitengeneza lile gari. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Men mamma, det var ju pappa." Yaani ni baba, hilo si linajulikana? Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ameanza Jumatatu. Kila siku ananipigia akiwa amejifungia choo cha kazini, ananong'ona, "Waya hii ya njano inaenda wapi?" Namwelekeza. Anarudi jioni amechoka, anataka chakula chake kiwe tayari, eti kazi ya ufundi ni nzito.

Leo anafunga breki mpya kwenye gari la mteja, mama mmoja mwenye watoto wadogo. Breki hazina kubahatisha. Nikimwelekeza, nitaendelea kuwa fundi wa chooni mpaka nife. Nikinyamaza, kuna watu wataumia ambao hawajanikosea chochote. Nikimpigia bosi wake, namrudisha mume wangu sebuleni na nguo za kulalia, na kanisa zima litajua nilidanganya kwenye maombi.

Ni saa nne asubuhi, naandika haya na simu inaita hapa mezani. Ni yeye. Dada zangu, kaka zangu, niambieni: nipokee, au niiache iite?