Kaseti ya Jamali katika Televisheni ya Mususa

Kwa miaka saba Kavuo alitunza kaseti za televisheni ndogo ya mtaa wa Mususa, ile iliyoonekana upande mmoja tu wa Butembo, kwa kuwa mawimbi yake hayakuvuka kilima. Watu walikuja kutangaza misiba, harusi na mbuzi waliopotea. Kaseti zilikuwa chache, hivyo fundi Timothée alirekodi mapya juu ya ya zamani. Kaseti iliyomgusa moyo Kavuo, aliivunja kijino chake cha plastiki ili isifutwe. Kisha radi ikapiga mtambo, televisheni ikafa.

Sasa, zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwenye nyumba alitaka kukifanya chumba cha kaseti kuwa ghala la saruji. Kavuo alipewa asubuhi moja ya kuchukua anachotaka. Alikuwa amemwahidi jirani yake Hadjara kaseti ya marehemu mumewe, Jamali, aliyetangaza pale karatasi za lori zilizopotea kwenye njia ya Kasindi. Binti yao, Sifa, alizaliwa baba akiwa kaburini. Jumamosi anaolewa, na sauti ya baba hajaisikia.

Timothée alimkuta Kavuo amejaa vumbi hadi kope.

«Mama Kavuo, umegeuka panya?»

«Panya njo anajua fasi ya vitu. Sitoke hapa bila Jamali.»

Akaipata. Kijino kilivunjwa, lakini tundu lake lilikuwa limezibwa kwa skochi, utepe wa gundi, ujanja wa kuirekodia tena.

«Timothée! Ni weye?»

Fundi akainamisha kichwa. «Ilikuwa mechi ya Beni na Butembo, mama. Kaseti ingine haikukuwa.»

«Ulirekodi mechi muzima?»

Akawaza, akaikumbuka jenereta iliyoishiwa petroli wakati wa mapumziko ya mechi. «Hapana. Groupe ilizimikaka ku mi-temps. Esanshi ilikwisha.»

«Donc, nyuma ya mi-temps kuko nini? Twende!»

Waliiweka katika mashine kuukuu ya Timothée, sebuleni kwa Hadjara, Sifa naye akiwapo. Mpira ukachezwa dakika arobaini na tano. Kavuo alimkataza Timothée kuisogeza mbele, asije akakata utepe.

«Hata marehemu hangevumilia hii mechi,» Hadjara akaguna.

Picha ikakatika. Mistari ikapita. Kisha mwanamume mwenye kofia akasafisha koo: «Mwenye aliokota karatasi zangu, alete. Mimi niko hapa tu, Mususa.»

Sifa akashika mdomo. «Murudishe nyuma, mama.»

«Hapana gusa!» Kavuo alikuwa amekwisha kuinua simu yake mbele ya kioo cha televisheni, akirekodi. Mkono wa pili ulikuwa umekamata kifuniko cha mashine, Timothée asikaribie.